Chuma Chenye Huruma

Ukistaafu, kila mwenye mdomo huwa mshauri wako. Watakwambia ule nini, ulale saa ngapi, na kiinua mgongo ukizike kwenye ploti ipi. Nilidhani nimeshayazoea. Kisha daktari akanitaka niwe natembea, na balaa likaingia kwa mlango huo, maana Mombasa ukionekana unatembea bila safari watu hukusimamisha kukuuliza nani amefariki. Mtu anahitaji kisingizio. Changu kikawa gofu: mpira mdogo usiofika hata gramu 46, unaupiga, unakwenda usikoutuma, nawe unaufuata juani mpaka adhuhuri. Daktari ameridhika. Nisiyeridhika ni mimi.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Ugomvi wangu ni na fimbo, na zaidi ya fimbo, na wale wanaojua ni ipi inayonifaa. Nimekuwa nikichezea seti ya kuazima, iliyoachwa na marehemu mmoja aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima, na wote walioniona nikiitumia wamekubaliana jambo moja, watu ambao hata mwezi mwandamo hawakubaliani: ninunue fimbo za chuma zenye kusamehe. Mwalimu kasema, muuzaji kasema, kedi anayenibebea begi kasema. Hata mama watoto, ambaye kwenye nyasi za gofu hajakanyaga, kila nikirudi mikono mitupu kutoka dukani huniuliza, "Bado hujapata za kukusamehe?" Na namna anavyouliza siipendi.

Msamaha huo hauna toba wala sadaka ndani yake. Ni hesabu ya uzito. Fimbo ya chuma ya kizamani ni kipande chembamba kilichofuliwa, na uzito wake mwingi umekaa nyuma ya katikati ya uso. Ukiugonga mpira kwa katikati barabara, raha yake haielezeki, nimeambiwa. Ukienda pembeni kwa upana wa kidole, kichwa cha fimbo kinajipinda, mpira unapoteza kasi na kuacha njia, na mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Sasa hizi zenye huruma zimechotwa chuma mgongoni, pakabaki shimo, na uzito uliochotwa ukapelekwa pembezoni: nchani, kisiginoni, na chini kwenye soli. Wachuuzi wa maji wa zamani walilijua hilo bila kwenda chuo. Mtu mwenye mzega begani, debe huku na debe kule, mpige kikumbo utakavyo, hageuki upesi. Kichwa cha fimbo nacho ni hivyo. Ukikosea, kinapindika kidogo tu, na mpira unakwenda karibu na ulikotaka badala ya kwenda kwa jirani. Tena kwa kuwa uzito uko chini, mpira unapanda wenyewe, hata mikono ya mzee isipokuwa na nguvu ya kuupandisha.

Aliyetuletea rehema hii ni mtu wa kuombewa dua. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akakulia Marekani, akashona viatu, akaishia kuwa mhandisi wa General Electric. Gofu hakuigusa mpaka alipokuwa na miaka 42, alipoalikwa na wenzake wa kazini, na kutia mpira shimoni kukamshinda. Mtu mwingine angemlaumu kedi, au upepo, au mke aliyempigia kelele asubuhi. Solheim alilaumu fimbo. Akaingia gereji ya nyumbani kwake akatengeneza ya kwake, mwaka 1959, uzito kausukumia nchani na kisiginoni. Ilipougonga mpira ililia "ping", na jina la biashara likapatikana hapo hapo. Mwaka 1967 akaacha kazi ya kuajiriwa. Wazo lilelile akalitia kwenye fimbo za chuma, na mwaka 1982 zikatoka zile Ping Eye 2 ambazo mpaka leo utazikuta kwenye mabegi ya wazee wasiotaka kusikia habari ya kitu kipya. Nampenda sana mtu huyu. Alikataa katakata kwamba kosa ni lake, akaenda kuthibitisha kwa kipimo.

Shemeji yangu hampendi hata kidogo. Shemeji anakaa Nairobi, anashuka pwani kila sikukuu na begi la fimbo lililomzidi uzito mizigo ya watoto, na ndani mna bledi. Bledi ndizo zile nyembamba, za kung'aa, hazina shimo mgongoni, ukiziangalia kwa juu hazizidi upana wa kisu cha kukatia mkate. Nakiri ni nzuri. Nazo, kwa mtu anayeupata mpira mara moja kati ya nne, ni mateso ya kujitakia.

"Shemeji, usinunue zile nene," ananionya. "Ukizitoa kwenye begi tu, watu wanajua."

"Wanajua nini?"

"Wanajua tu."

Shemeji, watu wameshajua. Walijua nilipoukosa mpira uliokuwa umetulia juu ya nyasi, hakuna anayeukimbiza. Fimbo nene haitawapa habari mpya. Hoja yake ya pili ni kwamba bledi ina ukweli: ukipiga vibaya, mikono inasikia, chuma chenyewe kinakwambia ulipokosea. Sasa mimi chuma cha kuniambia nilipokosea cha nini? Kwa kazi hiyo nimeshamwoa dada yake.

Kuna jambo jingine asilolifikiria kwa sababu anaishi mbali na bahari. Bledi nyingi hufuliwa kwa chuma laini chenye kaboni, kisha hupakwa kromu juu. Kromu ikichubuka, na lazima ichubuke kwa kugonga mchanga na vijiwe, chuma kinabaki uchi mbele ya hewa ya chumvi. Hizi nene nyingi humiminwa kwenye kalibu kwa chuma kisichoshika kutu. Mimi nimekula mshahara wa bandarini ujana wangu wote, najua chumvi inafanya nini kwenye bati, bawaba na ahadi za mafundi. Shemeji huziacha fimbo zake kwenye buti la gari nje ya nyumba yangu usiku kucha, na akiondoka mifereji ya nyuso za fimbo imeanza vidoa vya rangi ya chai. Simwambii.

Tena kuna hili la umbali. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi kwa nguvu ileile. Kule shemeji ni mwanamume. Akishuka huku, hewa nzito ya pwani inampunguzia, mpira wa namba 7 uliokuwa unapita bunka ya mchanga unatua ndani yake, naye anageuza geuza mpira kutafuta kama umepasuka. Huyo ndiye anayenishauri.

Nije kwa muuzaji. Duka silitaji; lina zulia la kijani, wavu, na rada ya kupima mpira unavyoruka hata kama umefika kwenye wavu tu. Kijana muuzaji ana adabu, ananiita mzee kila baada ya maneno matatu. Akanipa namba 7 yenye huruma, nikapiga, rada ikafikiri, kijana akapiga makofi. "Mzee! Umeongeza yadi ishirini!"

Hapo damu ya forodha ikanichemka. Kazi yangu, kabla sijapewa saa ya ukutani na keki, ilikuwa kufungua kontena na kuangalia kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Nikamwuliza: uso wa fimbo hii umelala nyuzi ngapi? Akatazama karatasi. Nyuzi 28. Namba 7 ya marehemu ina nyuzi 35. Nyuzi 28 katika zama zile ilikuwa namba 5! Yaani wamechukua namba 5, wakaiandika 7 chini ya soli, wakanipigia makofi kwa kuwa inakwenda mbali kuliko namba 7. Bandarini mzigo kama huo tungeuzuia kwa tamko la uongo, na mwenyewe angelala kwenye benchi la korido.

Kijana hakutahayari. Akanieleza kwamba uzito ukishashushwa chini, mpira hupaa juu mno, kwa hiyo wahandisi wanausimamisha uso wa fimbo ili usipae kama kishada. Namba 7 hii inapanda juu kama namba 7 yangu ingawa imesimama zaidi. Nimemkubalia nusu. Nusu nyingine ni biashara, kwa sababu kila mzee anayejaribu fimbo dukani anataka kushinda fimbo yake ya jana, na njia rahisi ya kumshindisha ni kubadilisha namba. Lakini mimi sikuingia pale kununua yadi. Nilitaka mpira unaokwenda pale pale kila nikiupiga, uwe umbali wowote. Umbali ukijulikana, mtu hupanga maisha yake.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria, na kama na wewe unaanza ukubwani ninakuachia bure: kabla hujashangilia namba 7 ya mtu, uliza nyuzi zake. Ziko nene zenye nyuzi 32 au 33, hasa matoleo ya miaka ya nyuma, zina msamaha uleule bila mbwembwe.

Kedi wangu ndiye pekee ambaye ushauri wake haumletei chochote, na huenda ndiyo sababu ni mfupi. Ni kijana wa Likoni. Anacheza kwa fimbo za kuokotaokota, hakuna mbili zenye baba mmoja, na anatushinda sote. Si ajabu, wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kubeba mabegi ya watu. Nilimwonyesha picha ya seti niliyoipenda, soli pana kama kijiko cha pilau. (Kijiko cha arusini, si cha nyumbani.) Akaitazama, akasema:

"Mzee wangu, hii inapandisha sana. Kusi likianza, mpira wako tutaufuata kwa feri."

Ana haki. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kusi ukiingia kutoka baharini, mpira wa juu hauna mwenyewe. Wenye viwanja vya bara hawana habari hii, na karibu kila ushauri wa fimbo zenye huruma umeandikwa na watu wa nchi zenye nyasi laini na mvua za kila wiki. Halafu wakati wa kaskazi, mvua ikikosekana kuanzia Januari mpaka Machi, ardhi inakauka ikawa sakafu. Soli pana imetengenezwa iteleze kwenye udongo laini isizame. Kwenye sakafu inadunda, na ikidunda inaugonga mpira kiunoni, nao unatambaa chini mpaka kwenye miguu ya wanaosubiri. Ushauri wa kedi: soli ya kadiri, si nyembamba ya shemeji wala si hiyo ya kupakulia, na kusi likivuma, chukua fimbo ya namba ndogo zaidi, ishike chini kidogo, zungusha nusu. Senti moja hakudai. Nilimnunulia soda.

Yeye huyohuyo ndiye aliyegundua ugonjwa ambao rada ya dukani haikuuona. Fimbo za marehemu ni ndefu kwangu, na zimepindwa kwa mtu mrefu. Nikiiweka chini, ncha inanyanyuka, kisigino ndicho kinachogusa, na uso unaelekea kushoto kabla sijafanya lolote. Mipira yangu ya kushoto niliyokuwa nikihesabiwa dhambi ilikuwa ya marehemu, Mungu amrehemu. Mfupi hahitaji msamaha wa uzito kabla ya kupata fimbo ya kimo chake. Ping huziwekea fimbo zao vidoa vya rangi kuonyesha zimepindwa kiasi gani, nyeusi ikiwa ndiyo ya kawaida, na fundi mwenye mashine anaweza kupinda nyingine nyingi kwa nyuzi moja au mbili. Uliza hilo kabla ya kuuliza bei. Muuzaji wangu hakulitaja mpaka nilipolitaja mimi, ndipo akasema, "Ndiyo mzee, hilo ni muhimu sana."

Shafti, ile mipini, sitachelewa nazo. Za chuma ni nzito, za grafaiti ni nyepesi na hazitetemeshi kiwiko. Mwenye miaka ishirini achukue chuma. Mimi nina kiwiko.

Fimbo ndefu za chuma, hizo zina mazungumzo. Seti ya marehemu inaanzia namba 3, fimbo ndefu yenye uso uliosimama wima kama askari wa gwaride, na kila nikiitoa kedi anasogea nyuma ya mti. Wapenda bledi wana hadithi yao hapa, nayo ni ya kweli: Ben Hogan, mwaka 1950, uwanja wa Merion karibu na Philadelphia, shimo la mwisho la mashindano ya wazi ya Marekani. Mwaka uliotangulia gari lake lilikuwa limegongana na basi, miguu inamuuma, akatoa namba 1 ya chuma, fimbo ambayo leo hata dukani hutaikuta, akautua mpira kwenye grini, na siku ya pili yake, katika mchezo wa kuvunja sare, akatwaa ubingwa. Shemeji huisimulia hadithi hiyo kwa macho mekundu. Ninachomjibu ni kwamba fimbo ile iliibwa punde tu baadaye, na kama mwizi alijaribu kuipiga, naamini alijuta.

Siku hizi seti zenye huruma nyingi huanzia namba 5, nyingine hata namba 6, na mahali pa ndefu zinakaa haibridi, mahuluti yenye kichwa cha mviringo ambayo hayana fahari lakini mpira yanaupandisha. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14 tu, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1938 huko Marekani, kwa hiyo hakuna aibu kuzitupa nje zile usizoziweza ukapata nafasi. Muuzaji alitaka kuniuzia namba 4 "ili seti ikamilike". Seti ya sufuria ndiyo hukamilika. Hii ni ya kupunguza.

Na hebu niseme wazi kile ambacho fimbo hizi hazisamehi, maana dukani hutakisikia. Zinasamehe kosa la kuupata mpira pembeni mwa uso. Kosa la kuilima ardhi kabla ya mpira halimo. Ukilima, umelima, utainua kipande cha nyasi chenye ukubwa wa mswala na mpira utabaki pale pale ukikutazama. Ukiugonga kichwani pia halimo. Ukija na uso uliofunguka mpira ukapinda kulia, zile ambazo ukingo wake umerudishwa nyuma kidogo ya shafti hukusaidia uso ufunge kwa wakati, lakini ni kusaidia tu. Mwenye kuzungusha mkono kama anafukuza nyuki ataendelea kutembelea vichaka. Na wale watatu unaocheza nao hakuna chuma kitakachowalainisha. Wangu wanakumbuka mapigo yangu kwa tarehe.

Basi nimechagua. Mpya sikuitaka: seti ya sasa huko inakotoka inafika dola 1,000 na kupanda, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, na mimi ushuru nimeutoza maisha yangu yote, sina hamu ya kuulipa. Nikapata dukani humo humo, kwenye kona yenye vumbi, seti iliyotumika, namba 5 mpaka weji ya mwisho, iliyolala kuliko zote, chuma kisichoshika kutu, mgongo umechotwa, soli ya kadiri, grafaiti. Niliikagua kama kontena la kutoka bandari ya mashaka: nikazungusha kila kichwa kuangalia kama gundi imelegea, nikalinganisha maandishi ya fimbo moja na nyingine kwa sababu fimbo bandia zipo kama zilivyo saa bandia, nikapitisha ukucha kwenye mifereji. Kijana akaniletea kiti. Tukabishana bei, akapunguza, nikanuna, akapunguza tena.

Nilikuwa nimeshatoa simu nilipe kwa M-Pesa alipokohoa kidogo.

"Mzee, weji ya seti hii ni nyuzi 44."

"Sasa?"

"Na ile yako ya mchangani ni nyuzi 56. Katikati hapo hakuna kitu. Utakuwa na shimo la nyuzi 12."

Kwa kweli nilimwona hayawani. Wamezisimamisha nyuso za fimbo zote ili zijidai kwenda mbali, weji ikavutwa kutoka nyuzi 48 zake za heshima, pakatoboka pengo, na sasa wana fimbo nyingine ya kuliziba, inayouzwa peke yake, bei peke yake. Kijana alikuwa nayo mkononi tayari. Sijui aliitoa wapi, sikumwona akiinama.

"Hii ni nyuzi 50, mzee. Inakaa hapo katikati vizuri kabisa."

"Imeandikwa 50," nikamwambia, "lakini nyie na maandishi tunajuana. Niletee mashine ya kupimia."

Akaenda nyuma kuitafuta. Nikavuta kiti.